Miwani ya Seneta

Gboko, Jumapili

Kaka Aondona,

Viazi vikuu tumeshachimba, ufuta bado. Usishangae kuona mwandiko wangu badala ya wa Baba.

Unakumbuka Iorkyaa alipokuwa gavana, askari wa msafara wake walivyomchapa Baba mjeledi wa uso kwa kuchelewa kuwapisha barabarani, jicho la kushoto likafa. Sasa Iorkyaa ni seneta. Alhamisi moja mwezi uliopita alikuja kugawa miwani ya bure, kila moja imeandikwa jina lake. Nilimsihi Baba asiende.

"Niache, binti yangu. Nataka kusoma gazeti tu."

Seneta alimvisha mwenyewe, wapiga picha wakasogea.

"Mzee, hili jicho lingine lilipatwa na nini?"

"Mjeledi wako, Mheshimiwa."

Watu wakacheka. Seneta naye akacheka, akamshika bega. "Mzee huyu ana utani!"

"Sitanii. Waulize hao waliosimama nyuma yako."

Seneta aligeuka akaenda zake. Walinzi wakabaki. Mmoja akasema, "Kumbe sasa unaona vizuri, eh?" Akampiga kitako cha bunduki usoni. Kioo kilipasukia ndani ya jicho lililobaki. Nilivitoa vipande kwa kucha zangu huku wakinipiga mateke ya mgongo.

Daktari amesema hataona tena.

Picha ya Seneta akimvisha miwani imebandikwa sokoni. Kila asubuhi Baba huniuliza kama yeye mwenyewe pale anatabasamu. Namwambia hapana, Baba, unamtazama Seneta usoni.

Dada yako,
Nguwasen