Mashimo Matatu Nyuma ya Jiko

Baba,

Mashine imebaki kwangu. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla ya salamu.

Siku ya kuanua matanga, ukoo ulipokaa kugawa vitu vyako, baba mdogo alisema detekta, mashine yako ya kusikia madini ardhini, aichukue mwanawe, Emanueli. Kuzunguka maporini kutafuta dhahabu, alisema, si kazi ya mwanamke aliyesomea fizikia chuo kikuu. Sikubisha. Niliomba jaribio lilelile ulilokuwa ukinipa hapa Kawajense: wafukie vitu nyuma ya jiko nisipokuwepo, nami nivitaje kabla havijafukuliwa. Nikikosea, aichukue.

Emanueli alichimba mashimo matatu, akayasawazisha, akachomeka kijiti juu ya kila moja.

Nilianza kwa kosa langu la zamani, Baba. Niliipunga mashine huku nikiiinua kila ilipofika mwisho wa upande, ikalia pasipo kitu. Nikakumbuka siku niliyokueleza kwa kirefu jinsi umeme na sumaku vinavyofanya kazi ndani yake. Ulisikiliza kwa heshima, kisha ukasema, "Sawa, mwanangu. Ila unafyeka, na hapa hakuna majani." Basi nikaishusha, nikaitembeza sambamba na ardhi, polepole, kama mtu anayepiga pasi kitenge.

Kijiti cha kwanza kilitoa sauti moja iliyojaa, ileile kutoka kila upande. Sarafu, nikasema. Cha pili kilitoa sauti ya kukatikakatika, na nilipozunguka upande mwingine sauti ikabadilika. Msumari mrefu, umelala. Shangazi akafukua vyote viwili, akamwambia Emanueli aanze kuiaga mashine.

Cha tatu kilinung'unika tu. Nilitamani sana kusema kijiko. Nikaiinua sahani ya mashine, ile duara ya chini inayosikia, vidole viwili kutoka ardhini. Ulinifundisha kwamba sauti ya kitu kilichozikwa hufifia taratibu, lakini udongo wetu mwekundu wenye chuma hunyamaza mara moja. Udongo ukanyamaza. Nikarudia mara tatu, maana nimejifunza kutoliamini jibu ninalolipenda.

"Hapa hamna kitu," nikasema. "Mmefukia shimo tupu."

Emanueli alicheka kabla hajagusa jembe. "Mzee kamfundisha mpaka kusikia ujanja wangu," akasema. Baba mdogo akainuka, akanivisha zile hedifoni zako za kusikilizia mashine kwa mikono yake mwenyewe.

"Nenda nayo, mama."

Ningekuwa peke yangu ningelia. Nilisimama wima.

Hata hivyo nilijiuliza kama sikubahatisha. Kesho yake nikamwomba Emanueli afukie vingine, na kizibo cha soda nikakiita sarafu. Ajabu ni kwamba kosa hilo limenituliza kuliko ushindi wenyewe. Mwenye kubahatisha hajui alikoteleza. Mimi najua, kwa kuwa niliharakisha kabla ya kuzunguka upande wa pili.

Asubuhi tunatoka kwenda vilimani. Emanueli atabeba sululu. Ameomba mwenyewe, na njiani nitamfundisha kutofyeka.

Ulikuwa huondoki mahali kabla ya kufukia, ng'ombe wa watu asije akavunjika mguu kwa ajili ya tamaa yetu. Nakuahidi, Baba, nitafukia kila shimo, lililonipa kitu na lililoninyima. Pumzika sasa. Kazi yako naisikia vizuri.

Binti yako