Mtungi Uliopakwa Rangi

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo hii Mama ndiye kanilazimisha. Huku tu wazima. Mama kapata miwani, na kaka sasa anafunga vifungo vya shati kwa mkono uliobaki.

Nasikia umefungua duka jipya la vitambaa. Hongera. Katika lile lililoungua, mtungi wa kuzimia moto hukuwahi kuujaza. Uliupaka tu rangi nyekundu, mkaguzi akiuona unang'aa anapita zake. Siku ya moto kaka aliuminya, ukatoa upepo.

Mkaguzi mpya ni mimi. Jumatatu nitawasha matambara kwenye karai mbele ya wateja wako, nikukabidhi mtungi wako uuzime moto mwenyewe. Kaka atasimama mlangoni, maana siku ile wewe ndiye uliyetangulia kutoka.

Rangi usihangaike kununua.

Ni mimi, binti wa marehemu kaka yako.