Siku Niliyokimbia na Toroli

Jumatatu, 2 Juni
Toroli tena. Makava ya magodoro kutoka kwa washonaji hadi kwa wavishaji, narudi tupu, naenda tena. Baridi kali, mlima Meru haujaonekana tangu asubuhi. Mwanangu Noela nimemwacha kwa bibi yake, anakohoa.

Leo kaja dada injinia na saa na kompyuta. Supavaiza kasema huyo dada atatengeneza kiwanda hiki hiki ndani ya kompyuta, aone mizigo inakwama wapi. Akanifuata mimi, anaandika muda. Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Nikasema moyoni, leo wataniona. Nikakimbia. Siku nzima.

Mama Upendo, mwenzangu wa toroli la pili, alicheka. "We Mama Noela, unafukuzwa na nyati?"

Jumatano, 4 Juni
Miguu yauma. Supavaiza kanisifia mbele za watu. Noela kanyonya vizuri. Nina furaha.

Jumatatu, 9 Juni
Tumeitwa kuona. Kiwanda kizima kwenye skrini, kama umekiangalia toka juu ya paa. Makava ni nukta nyekundu, watu ni bluu. Kwenye njia ya toroli kulikuwa na bluu moja. Nikadhani ya pili haijawekwa bado. Dada injinia akaeleza kwa upole: kwa mwendo alioupima, mtu mmoja anatosha. Ijumaa anampelekea meneja.

Nikaiangalia ile nukta. Inakimbia tu. Haichoki. Haiendi chooni kukamua maziwa.

Mama Upendo akageuka kutoka kwenye skrini. Alinitazama mara moja.

Jumanne, 10 Juni
Sijala. Mama Upendo ni mtu mzima, magoti yanamsumbua, anasomesha mjukuu kwa hii kazi. Hajawahi hata siku moja kuniachia mzigo wake. Angeweza kusema nilikimbia. Hajasema. Nimempa shikamoo, kaitikia marahaba, basi. Afadhali angenitukana.

Nikisema mimi, supavaiza ataniita mwongo, na mkataba ndio huo unaisha. Nisiposema, Mama Upendo anaondoka na mimi nabaki kukimbia kila siku. Mpaka lini?

Jumatano, 11 Juni
Bado sijasema. Najichukia.

Alhamisi, 12 Juni
Nimesema. Nilimfuata dada injinia kwenye chai ya saa nne. "Dada, siku ile nilikimbia. Mimi huwa sitembei vile."

Akaweka kikombe chini. "Nilikuona unatoka jasho kwenye baridi lile," akasema. "Nilipaswa kuuliza."

Supavaiza alikuwa nyuma yetu. Kasema kumbe nilikuwa namdanganya, mambo ya mkataba tutaongea. Nilienda kulia chooni, kidogo, nikarudi.

Dada injinia kesho haendi kwa meneja. Anatupima upya, wote wawili.

Ijumaa, 13 Juni
Kutembea kawaida mbele ya mtu mwenye saa ni kazi. Miguu inataka kukimbia yenyewe. Nilijizuia. Nilienda kukamua maziwa, na hiyo nayo akaiandika.

Jumanne, 17 Juni
Nukta mbili. Nimeziona kwa macho yangu. Dada injinia kasema kinachokwamisha ni mlango mwembamba wa kuingilia kwa wavishaji, tunasubiriana pale na mikokoteni ya sponji. Meneja kakubali upanuliwe.

Mama Upendo anabaki. Mimi nimepewa mwezi mmoja, nitazamwe tabia. Mwezi mmoja. Nilitaka mwaka. Nimemwambia Noela wakati namwogesha, akanirushia maji.

Jumatano, 18 Juni
Mama Upendo kaongea, tukiwa tunapakia. Sauti ya chini, hakunitazama.

"Mwanangu, ungeniambia unatafuta mkataba. Ningeenda nawe kwa supavaiza, nikakuombea."

Nikamwambia nisamehe mama. Akaendelea kupanga makava.

Tumepishana mlangoni mara nyingi leo. Jioni tulifika pale pamoja, akasogeza toroli lake pembeni nipite kwanza. Nikapita.