Mguu Juu ya Breki, Mkwe Barabarani

Mtwara

Kwa dada yangu Somoe, huko nyumbani Kitaya,

Nakusalimu dada, wewe na shemeji na wote wanaolala chini ya paa lako. Mgongo wako vipi masika haya? Na muhogo wa bondeni, mto haujauchukua? Ukiona mwandiko umepinda usicheke. Darasa nililosoma unalijua, lakini sikutaka kumwomba mtu aniandikie, maana haya si ya kusikiwa na kila sikio.

Sisi tu wazima. Mwanao Saidi bado anaendesha pikapu ya tajiri wa korosho. Wewe ulimwacha anachunga mbuzi, sasa akipita hapa Mtwara watu wanasogea pembeni, na wazee wanamwita Bwana Dereva. Anapeleka mizigo mpaka Kilambo na kurudi bila kugonga hata kuku. Mimi nakaa mbele, pembeni yake, kwenye kiti chenye sponji. Basi tu hujaniona, dada.

Ila gari lenyewe lina ugonjwa. Ile breki ya mkono, fimbo anayoivuta dereva akitaka gari lisimame peke yake bila mtu, imelegea. Saidi anaivuta mpaka inagusa kiti na gari bado linatambaa. Tajiri akiambiwa anasema endesha tu.

Sasa sikia. Nilikuandikia kwamba tumeposa Mikindani, kwa yule binti mpole wa juu kilimani. Basi siku moja tulikuwa tunakwenda kusikiliza jibu. Saidi angenishusha njiani na kungoja mbali, maana unajua kwetu kijana haonani na mama mkwe ovyo ovyo, hata kivuli chake anakikwepa. Nilivaa kanga mpya, nikajifukiza udi. Tulipofika katikati ya kilima, gari likazimika. Saidi akavuta ile breki, gari likaanza kurudi nyuma. Akakanyaga breki ya mguu, likasimama.

Akaniambia, "Mama, sogea huku. Weka mguu hapa nilipoweka mimi. Kanyaga."

"Mimi?"

"Wewe. Naingia chini nikaze waya wa breki ya mkono. Nikiliwasha kabla ya kuikaza, litatikisika na mguu wako utateleza. Usiunyanyue mpaka nikwambie."

Akaweka mawe nyuma ya magurudumu, lakini ni yale mawe ya matumbawe, moja lilivunjika palepale kama mkate mkavu. Akajilaza kwenye tope na spana yake, akaingia uvunguni. Dada, mwanangu wa pekee yuko chini ya magurudumu, na kinacholishika gari ni mguu wangu huu unaoujua, wenye baridi yabisi. Nikaanza kusoma kila sura ninayoijua.

Mara naona wanawake wawili wanateremka na vikapu vya muhogo kichwani. Mmoja ni mama wa binti, mwingine ni wifi yake, yule mwenye mdomo. Nikamnong'oneza Saidi, "Mkweo anakuja." Akavuta miguu yake ndani kama kobe. Akasema, "Mama, nakuomba kwa Mungu, usiseme nipo huku."

Unaijua desturi. Ilinipasa nishuke, nipige goti, nimpokee mzigo. Nami nimekaa juu kama liwali, nimekunja kanga mpya, nimeshika usukani.

"Hodi mama," akasema yeye. Yeye ndiye aliyeanza, dada.

"Karibu mama. Hamjambo huko?"

"Karibu wapi," akadakia wifi, "humo garini?"

Nikasema mguu unaniuma, siwezi kushuka. Na kweli ulikuwa unaniuma mpaka nyonga.

"Mguu unauma, usukani hauumi," akasema wifi.

Lakini yule mama ana huruma. Akatua kikapu, akasema, "Ngoja nije nikukande." Akaanza kuja mlangoni. Hatua chache tu na angemwona Saidi amelala chali mbele ya miguu yake. Nikapaza sauti, "Usisogee, mama. Baki hukohuko."

Akasimama. Akanitazama. Akajitwika kikapu chake mwenyewe, wakapita.

Saidi alitoka amejaa tope. Nati inayokaza waya ameizungusha mpaka meno yake yamekwisha, breki imeshika kidogo tu, na hapana pa kukazia tena. Unatakiwa waya mpya, na waya unatoka Dar es Salaam kwa meli. Gari likawaka, tukageuza tukarudi bila jibu.

Baadaye nilikwenda kwa miguu yangu kuomba radhi. Walinitandikia mkeka, wakanipa maji. Binti hakutoka ndani. Mama yake akasema kwa upole, "Binti yangu hana maneno. Ukiniambia mimi usisogee, yeye utamwambia nini?" Dada, jibu lilikuwa mdomoni. Lakini Saidi alikwishaniapisha. Alisema heri wamnyime mke kuliko wasikie alilala uvunguni mkwe wake amesimama juu yake, hapo hata akipewa hataweza kuingia nyumba ile. Basi nikasema ni uzee tu. Nikarudisha kikombe.

Mshenga anasema bado wanafikiri. Mikindani nasikia wananiita mama mwenye kiburi cha gari. Nimewaacha waniite. Saidi akitoka kazini hunitazama usoni, haulizi, nami namwekea chakula.

Nisalimie shemeji, na mjomba wetu mvuvi, na yule jirani aliyenikopesha ungo, mwambie upo salama. Mama akiuliza harusi ni lini, mwambie njia ina tope.

Mdogo wako,
Mama Saidi