Ufunguo wa baba kwenye buti la Ba Titcha

Nchelenge, Jumanne, Januari

Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa jioni haijaamua kama inanyesha au inapita. Uvuvi umefungwa hadi Machi, soko halina hata harufu ya samaki, na watu wamekaa chini ya mabati yao wakiangalia ziwa ambalo hawaruhusiwi kuligusa. Nina huzuni. Naandika ili ipungue.

Jambo lenyewe ni dogo ukilisema haraka. Nimebadilisha kitasa cha buti la gari la zamani, na leo baba yangu amevua ufunguo shingoni.

Nieleze vizuri, maana huenda anayesoma hapa hatujui. Baba na mimi tulitoka Kongo mwaka 2017, kwa mtumbwi. Tukapokelewa Kenani, kambi ya muda upande huu wa mpaka, kisha tukapelekwa Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi. Mama alikuwa ameshazikwa Pweto, kule Kongo. Gari la baba, la Kifaransa, la miaka ya sabini, lilibaki upande ule limefungwa milango yote, maana baba hakuwahi kuliacha wazi hata akienda kukojoa. Ufunguo wa buti aliutia kamba ya nailoni akauvaa. Wa milango ulipotea siku ile ile ya kuvuka. Huu ulibaki, na hakuuvua hata akioga.

Sasa tunaishi hapa mjini. Mimi natengeneza vitasa, kufuli, na chochote chenye skrubu.

Ijumaa watu wa ofisi ya wakimbizi watakuwa Mantapala kuandika majina ya wanaotaka kurudi Kongo. Tangu Krismasi baba anahesabu siku. Anataka akae karibu na kaburi la mama. Mimi sitaki aende. Amepita sabini, goti moja limeshamgomea, na kule hakuna aliyebaki wa kumchotea maji. Mimi sirudi, nimeshamwambia. Naye hunijibu kwamba hakuniomba nimsindikize.

Kuna kitu sijawahi kuandika hapa. Miaka mitatu iliyopita mfanyabiashara mmoja wa Pweto aliniambia lile gari halipo tena. Walilichinja kipande kwa kipande, injini ikapelekwa kwenye kinu cha mahindi. Sikumwambia baba. Nilijiambia namhurumia.

Nilikuwa naogopa.

Jumamosi akaja Ba Titcha. Ni mwalimu mstaafu, jirani yetu wa nyumba ya tatu, na jina hilo la kazi ndilo tunalomwita sote. Amerithi gari la kaka yake wa Mansa. Liliposimama mbele ya kibanda changu niliweka nyundo chini. Ni aina ile ile, ila la baba lilikuwa jeupe na hili la kijani. Milango inafunguka, injini inakohoa lakini inawaka. Tatizo ni buti: lina ufunguo wake peke yake, na kaka mtu alikufa bila kusema aliuweka wapi.

Nilimwambia ukweli. Funguo mbichi za aina ile, zisizokatwa bado, sijaziona Nchelenge wala Mansa. Ufunguo mmoja tu ninaoujua wa umbo lile uko shingoni mwa mzee wangu.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu zuri.

Nitakipanga kile kitasa upya kiufuate ufunguo wa baba. Baba atakuwa ndiye mwenye buti. Ba Titcha akitaka kupakia kitu, atapita kwetu. Jumapili mzee atapanda gari waende kanisani, atapata mtu wa kubishana naye, mguu utapona kwa kupendwa, na Ijumaa itapita kama siku nyingine. Ba Titcha alipenda sana. Baba nilimwomba ufunguo niupime tu. Kila nilipouhitaji alinipa ukiwa bado na joto la kifua chake, akakaa karibu mpaka nilipomrudishia.

Nimefanya kazi siku mbili. Niling'oa kiti cha nyuma, nikajipenyeza ndani ya buti kwa kifua, tochi mdomoni, nikafungua nati mbili zinazoshika hendeli. Ikatoka na kitasa chake. Ndani ya kitasa mna visahani vidogo vya shaba, kila kimoja na springi yake nyembamba. Ufunguo wake halisi ukiingia, vyote vinalala sawa na kitasa kinazunguka. Wa baba ulipoingia, vinne vilibaki vimetokeza. Nikavibadilisha nafasi, kimoja kikakubali. Vitatu vilivyokataa nikavipiga tupa mpaka vikanyamaza. Shaba iliyoondoka haipachikwi tena, na visahani vingine sina. Mwisho nikapaka unga wa penseli, ambayo Ba Titcha aliitoa mfukoni kama mwalimu wa kweli.

Kilizunguka kama kimezaliwa na ule ufunguo. Nilijisifu, naungama.

Leo mchana mvua ilipopungua nilimwita baba. Ba Titcha alikuwepo na mke wake chini ya mwavuli. Baba aliitoa kamba kichwani taratibu, akatia ufunguo, akauzungusha. Buti likainuka lenyewe. Ba Titcha na mkewe walipiga makofi ya heshima, wakasema asante kwa Kibemba. Baba aliangalia ndani: tairi la akiba na gunia tupu. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko vitu vile vilivyostahili.

Kisha akalishusha buti kwa viganja viwili, akageuka. Ufunguo ulibaki unaning'inia kwenye hendeli na kamba yake.

"Papa, fungulo unasahau," nikasema.

"Sisahau. Umuachie. Yeye njo iko na motoka."

Nikamweleza mpango wote, kwamba mwenye gari ni Ba Titcha lakini mwenye buti ni yeye, harakaharaka, kama muuzaji. Alimpa Ba Titcha mkono, akamtakia safari njema za gari lake, akaanza kwenda nyumbani. Nilimfuata kwenye matope. Tulipokaribia mlango alisimama apumzishe goti, akasema bila kuniangalia:

"Ya kwetu ilishakufa. Nilijua mbele yako. Lakini mupaka leo, hii fungulo haikufungulaka ya mutu mwingine."

Alijua, tena kabla yangu. Miaka yote hii mimi namficha, naye ananificha kwamba anajua.

Halafu akaniambia nisihangaike kutafuta usafiri wa Ijumaa. Hataandika jina. Alisema kwa upole, kama mtu anayekataa chai.

Amelala tangu saa tisa na uso ukutani, naye si mtu wa kulala mchana. Nimempelekea ugali na kisamvu. Nimerudi nimeukuta vilevile, haujaguswa.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amefika kabla sijaoa.

Nimewaza kwenda kwa Ba Titcha kuuchukua ufunguo. Angenipa, ni mtu mwema. Lakini nikiuweka mkononi mwa baba, ataupokea kama nini? Ulikuwa haufungui kitu chochote duniani, na kwa hiyo ulikuwa wa kwake. Mimi nimeutafutia kazi.

Nilitaka abaki, na sasa anabaki. Nilidhani nitashukuru Mungu siku hiyo. Badala yake nimekaa mlangoni nasikiliza kama anapumua.

Ijumaa nitamchukua kwa baiskeli mpaka barabarani, tupande gari la Mantapala. Aandike au asiandike, iwe ni yeye aliyeamua na si kitasa changu. Ila nitaanzaje kumwambia "Papa, twende", mimi niliyemwomba miaka yote asiende?