Geti Linakungoja

Kwa mwanangu Wabwile,

Kazi ya Kitale inaendeleaje? Huku Bungoma mimi na kuku tuko salama.

Lile geti la zinki ulilonitengenezea tulipomzika baba yako limeshika kutu, lakini ni pale tu ulipochomelea. Ulisema moto huunguza zinki, ati ungerudi wiki iliyofuata upake rangi ya kulikinga. Sasa ni msimu wa pili wa mvua. Mimi hupaka mafuta ya kupikia, lakini mbwa analamba.

Jana fundi Mukhwana alikuja na rangi yake, nikamkataza.

"Mama Wabwile, ati unangoja mpaka lianguke?" akanicheka.

Mwanangu, akipaka yeye, wewe utakuja kufanya nini?

Brashi nimeshakununulia.

Ni mimi mama yako,
Nanyama