Fomu Haina Mama Mdogo

Chumbani kwangu,
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine, hiyo ni ya wiki tatu nilizokaa kimya. Goti linasemaje? Yale mafuta ya kuchua yanakusaidia, au umeshamgawia jirani kama kawaida yako? Kaka na kitindamimba wetu hawajambo? Mimi mwili mzima, ila kichwa changu sikielewi hata kidogo.

Nianze na habari yenyewe kabla sijapotea njiani. Kibali changu cha kazi kinaisha mwezi ujao. Miaka sita yote hii nimekiongeza mwaka hadi mwaka, na msimamizi wetu hachoki kunikumbusha kwamba yeye akikataa kuniandikia barua tu, basi, kwaheri. Safari hii nikaomba ukaazi wa kudumu. Wenye ukaazi hawatishwi na msimamizi, na tena wanaruhusiwa kuwaleta wazazi wao. Hilo la wazazi ndilo lililonifanya niombe. Nilitaka uje utibiwe hilo goti huku, ukae na mimi. Sikukwambia, nilitaka nikushtue.

Fomu niliijazia kazini, juu ya kikapu cha taulo, wakati wa mapumziko. Unajua kazi yetu ya udobi: mashine inameza shuka bichi upande huu, inalitema kavu upande wa pili, na sisi wawili tunalidaka pembe kwa pembe kabla halijagusa sakafu. Mwenzangu wa pembe za pili tunamwita Redio, maana hazimiki. Redio akaniapia kwamba fomu ni zilezile za kila mwaka, tofauti ni kwamba hii wanataka na cheti cha kuzaliwa. Nikakiambatanisha, nikatuma, nikalala usingizi wangu.

Jumatatu karani wa uhamiaji akaniita. Akanipangia karatasi mbili mezani. Kwenye fomu niliyoingilia nchi hii, mama ni wewe. Kwenye cheti, mama ni marehemu dada yako. Akaniuliza mama yangu ni yupi. Nikamjibu wote wawili. Akauliza aliyenizaa ni yupi, nikamwambia ni marehemu, aliniacha sijaota hata jino, akanichukua mdogo wake, kwa hiyo wewe ni mama yangu mdogo. Sasa mkalimani wao ni bwana mmoja aliyejifunza lugha yetu vitabuni. Akamweleza karani kwamba nina mama mwenye umbo dogo. Karani akauliza wa kimo gani. Jamani! Nilicheka peke yangu mle ndani, na nadhani kicheko hicho hakikunisaidia.

Tulipoelewana mambo yakazidi kuharibika. Akataka kujua Kaka na kitindamimba ni watoto wa nani. Nikasema ni wako. Akachukua kalamu nyekundu, akawakata wote wawili kwenye mstari wa ndugu. Nilikaa pale nikiangalia ile mistari miwili.

Si mtu mbaya, mama. Aliniambia taratibu kwamba kama nilidanganya ile mara ya kwanza, ombi linatupwa na siombi tena maisha yangu yote. Kama nilikosea tu, niandike kwamba nilikosea. Akanipa hadi Ijumaa. Basi wiki nzima nikawa najiuliza: nilidanganya? Hapana. Nilikosea? Nilikosea nini sasa? Waliuliza mama, nikaandika mama. Jumanne Redio akaniambia niandike tu, karatasi ni karatasi. Jumatano akasema yeye asingethubutu. Alhamisi akasema ningemsikiliza tangu Jumanne. Mashuka mawili yalinianguka siku hiyo, na msimamizi akanitukana vya kutosha.

Mama, nilitia sahihi. Ijumaa, dirishani kwa karani, kwa kalamu iliyofungwa kamba. Nimeandika kwamba mtu niliyemtaja kuwa mama yangu si mama yangu, na kwamba nilimtaja kwa makosa. Niliandika vizuri kabisa, kwa mwandiko ulionifundisha wewe. Halafu nikasimama barabarani sijui nielekee wapi, maana kwa karatasi hiyo ukaazi nitaupata, na kwa karatasi hiyohiyo sitakuleta kamwe. Naona aibu. Nisamehe, na kama huwezi kunisamehe, niambie.

Kuna jambo moja bado. Karani anataka na maneno yako kuthibitisha yangu, la sivyo ombi linatupwa. Ndani ya bahasha utakuta karatasi. Pa kutia sahihi nimepawekea alama. Juu yake kuna visanduku vya uhusiano: mama, baba, mume, mke, mtoto, kaka, dada, na cha mwisho kimeandikwa “mwingine”. Wewe unatakiwa uchague hicho cha mwisho. Ukiona mkono hauendi, usiirudishe. Nitafungasha virago nije, na sitakuuliza kwa nini.

Wasalimie Kaka na kitindamimba, lakini barua hii usiwasomee. Msalimie na jirani, mwambie akurudishie mafuta yako. Kanda goti na maji ya moto kabla ya kulala, usijitie ushujaa.

Aliyekuandikia haya ni mwanao. Hapo sijakosea.